Siku Niliyomrudisha Yozefina

Nilipokuwa mtoto kule Kanazi, mtu aliyeanza safari asubuhi hakutakiwa kukutana na chombo kitupu. Sisi tuliotumwa maji tulijua: ukimwona msafiri, unajificha migombani na ndoo yako mpaka apite. Akikuona, anarudi nyumbani, anangoja kesho.

Miaka ile ya wakimbizi tulikaa na Mama Yozefina na binti yake, waliovuka kutoka Burundi. Bibi yangu aliwapa nyumba ya jikoni walale. Yozefina alikuwa na miaka tisa kama mimi, nami sikuwa na ndugu wa kucheza naye. Alinicheka nilivyokimbia.

"Adela, hata bata wa padri anakushinda," alisema, kisha akasimama kunisubiri.

Baadaye watu wa kilima chao, yaani kijiji chao cha Burundi, wakakubaliana kurudi kwao pamoja, kundi moja, wakutanie barabarani. Asubuhi ya safari nilitangulia kisimani, nikajaza ndoo, nikaimwaga yote. Nikasimama katikati ya njia. Mama Yozefina aliponiona alishusha mzigo polepole. Wakarudi. Wenzao hawakungoja.

Siku ile niliyoipata haikuwa tamu. Yozefina alicheza kidogo tu, na mama yake alikaa mlangoni akitazama barabara.

Jioni Bibi aliniita. "Ulikuwa unakwenda kisimani au unatoka?"

Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia.

"Ndoo ilikuwa inadondosha maji, mama," Bibi alisema.

"Bibi, katekista anasema Mungu anajua tutakalofanya kabla hatujalifanya. Mbona hakunizuia?"

"Mimi mwenyewe jana ulivyokataa viazi nilijua una jambo. Nilikufunga kamba?"

"Hapana."

"Haya. Kesho utakwenda tena kuteka maji. Sikufuati."

Kesho yake nilisimama kisimani muda mrefu. Ningeweza kumwaga tena. Mikono ilikuwa yangu. Nilikutana nao na ndoo imejaa mpaka juu. Mama Yozefina alichovya vidole, akamlowesha binti yake kwenye paji la uso, kisha na mimi. Kama alijua nilichofanya, hakunionyesha.

"Usikimbie, utamwaga," Yozefina aliniambia.

Wakaenda, wawili peke yao. Nilipofika nyumbani, Bibi alikuwa amekwisha kufunua mtungi, anangoja maji.

Hatukupata habari zao tena. Waliokuja baadaye kutoka upande ule hawakuwajua.

Sasa nina mtoto wa miaka mitatu, Deo. Nikiacha sukari mezani najua mkono wake utakwenda wapi, lakini siusukumi mimi, na kumjua hivyo hakunipunguzii kumpenda. Naamini Mungu hututazama hivyo. Nimelielewa hilo, ila halinipi usingizi wote. Wawili wale walikosa wenzao wa njiani kwa sababu nilichagua mimi, si Mungu wala ndoo.

Kwa hiyo huwa nawaombea, peke yangu, wafike salama. Mume wangu aliwahi kunisikia.

"Mama Deo, safari ya miaka yote hiyo si ilikwisha?"

Ilikwisha, nilimwambia. Lakini kama Mungu alijua kosa langu kabla sijalifanya, basi na sala hii aliisikia asubuhi ile waliyoondoka, wakati Yozefina na mama yake bado wanatembea.