Pilau ya Mtu Asiye na Tumbo

KISANGANI, 1969. Adhana ya alfajiri haijaisha, na Nassoro Ramazani tayari moshi umemjaa machoni. Yuko kwenye ua wa watu, mtaa wa Kabondo, mbele ya sufuria tatu kubwa. Anakoroga kitunguu kwa mwiko unaomfika begani. Mara anauweka kando, anafunua kibakuli, anatia mdomoni kijiko kimoja cha lituma, zile ndizi za kupondwa, anatafuna weee, kisha anarudi motoni.

"Masaa mbili-mbili, lazima nikule kidogo," anasema. "Mi niko kama mutoto muchanga. Ila huyu mutoto iko na mvi."

Leo anapika arusi, na anaipika kwa moyo mzito. Ni katika ua huu huu, mwaka juzi, alipoanguka chini mbele ya wageni wakaamini amewalisha sumu. Tangu siku ile hajaitwa kwenye shughuli kubwa hata moja. Leo wageni wakila, kazi yake imerudi. Wakisusa, basi tena.

Nassoro ana miaka hamsini na miwili. Upishi aliujifunza ujanani, jikoni kwa wakubwa wa kampuni moja ya mawese. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, wakubwa wale waliondoka hata bila kuaga, naye akageukia watu wake: arusi, maulidi, matanga. Haikupita muda, Kabondo nzima ikawa inakula mkononi mwake.

Mwaka 1964 waasi waliushika mji. Wapiganaji walimtoa nyumbani wakampeleka kuwapikia, na mkuu wao, mtu mwenye hofu ya sumu kuliko ya risasi, akamwekea sharti moja.

"Alisema, kula wewe kwanza, sisi tunakutazama," Nassoro anakumbuka. "Ile wakati haikuwa desturi. Ilikuwa bunduki."

Vita vilipopoa, kwenye arusi ya kwanza mzaha mmoja ukapita: "Papa Nassoro, kula wewe kwanza!" Watu wakacheka mpaka machozi. Arusi ya pili wakasema tena, ya tatu wakaacha kucheka. Mzaha ukageuka mila, na tangu hapo hakuna mkono Kabondo unaogusa sinia kabla ya mkono wa mpishi.

Maradhi yalimwanza mwaka 1966. Chakula kilimkaa kifuani, kikarudi. Suruali zikaanza kumvuka. Alidhani ni vidonda vya tumbo, akanywa maji ya magome yaliyoletwa kutoka Bafwasende, akanywa tena, na karibu mwaka mzima ukapotea hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nassoro alificha mpaka alipotapika damu.

Hospitalini alipokewa na daktari Hilaire, Mhaiti, mmoja wa wale waliokuja kuziba pengo Wabelgiji walipoondoka. Daktari aliongea Kifaransa. Muuguzi Émilie, mzaliwa wa Isangi, akamgeuzia maneno.

"Iko na cancer kwa tumbo," Émilie alimwambia. "Docteur anasema watatoa mufuko wote wa chakula. Halafu watashona koo kwa utumbo."

"Na chakula itakaa wapi?" Nassoro aliuliza.

"Haitakaa. Itapita tu. Utakula kidogo-kidogo, mara mingi."

"Na nikikataa?"

Émilie alimtazama daktari, lakini swali lile halikuhitaji mkalimani. Daktari alitikisa kichwa.

Nyumbani baraza lilikaa. Kaka yake mkubwa, Sefu, alipinga palepale. "Mutu anazikwa na mwili muzima," alisema. "Utaenda mbele ya Mungu na nusu ya mwili?"

Nassoro mwenyewe hakuwa na hofu ya kaburi kama alivyokuwa na hofu ya sinia. Nani atamwita mpishi asiyekula? Mtu akikwepa chakula chake mwenyewe, Kabondo hawaulizi mara mbili. Alizunguka na wazo hilo siku nyingi, amekunja uso, hasemi na mtu, mpaka mke wake Madina akachoka.

"Nilimwambia, mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na tumbo yako," anasimulia Madina, akichambua mchele bila kuinua macho. "Unaogopa kufa njaa? Donc sasa iko unashiba?"

Nassoro alikubali, kwa sharti lake: majirani wasijue. Sefu, japo alipinga, akatangaza mtaani kwamba mdogo wake ameenda Yanonge kununua mchele.

Alipasuliwa Mei 1967. Alianza na maji kwa kijiko, kisha uji mwepesi, kisha mchuzi wa samaki. Kila tonge lilikuwa kazi. Alikuwa amerudi nyumbani, bado hajaweza kutembea wima, askari wa kukodiwa walipoasi mwezi wa saba na mji ukawaka upya. Watu walikimbilia Lubunga, ng'ambo ya mto, na magodoro kichwani. Madina alibeba sufuria ya uji.

"Batu banasema, huyu mwanamuke iko na wazimu, vita iko hapa yeye anafikiri chakula," anasema. "Bon. Wao balikuwa na matumbo ya kungoja. Bwana yangu hapana."

Alimlisha kijiko kwa kijiko nyumbani kwa ndugu, risasi zikilia upande wa mji. Nassoro anasema hapo ndipo alipojua kuwa atapona, na hapo ndipo alipolia.

Mwisho wa mwaka ule aliitwa na Papa Juma, mfanyabiashara wa vitambaa, aliyekuwa akimwoza binti yake wa kwanza. Nassoro alipika kama zamani. Sinia zilipotoka, macho yote yakamgeukia. Ili asishukiwe, alikata tonge kubwa la kiume, akalimeza upesi, akashushia chai yenye sukari tele. Daktari alikuwa amemkataza yote mawili, haraka na sukari.

Wageni walikuwa katikati ya kula jasho lilipoanza kumtoka. Moyo ukamwenda mbio, ua ukamzunguka, akadondoka kando ya sufuria.

Kilichofuata Kabondo wanakisimulia mpaka leo, ingawa sasa kwa kicheko. Watu wazima na heshima zao walitia vidole kooni. Wengine waligombania mawese wayanywe kuua sumu. Bibi arusi alibaki peke yake kwenye kiti chake, amefunikwa mtandio, anauliza kuna nini.

Hakuna aliyekufa. Nassoro mwenyewe aliinuka baada ya muda, mzima. Lakini neno likitoka halirudi, na jioni yake mji mzima ulijua kuwa pilau ya Nassoro ina sumu.

Ijumaa iliyofuata alisimama nje ya msikiti, watu wakitoka kuswali, akafungua vifungo vya kanzu. Kovu lilishuka kutoka kifuani hadi kitovuni.

"Sikuweka sumu," aliwaambia. "Sina tumbo. Walinitoa yote. Niliwaficha, juu ya kuona haya."

Mzee mmoja akauliza, kama huna tumbo, unaonja na nini?

"Na ulimi, papa."

Wachache walicheka. Wengi walimpa pole, wakampa mkono, na hawakumwita tena kupika. Huruma ni kitu kimoja, pilau kitu kingine. Mtu aliyezoea arusi nne kwa mwezi alikaa barazani, na Madina akalisha nyumba kwa kuuza mikate ya kukaanga kando ya barabara. Kila mwezi Émilie alimchoma Nassoro sindano ya kuongeza damu, na kila mwezi akamuuliza kama ameshapata kazi.

Mwezi uliopita Papa Juma alibisha hodi. Anamwoza binti wa pili.

"Ile chakula tuliyoacha, tuliikula kesho yake, mimi na watoto," anasema Papa Juma. "Ilikuwa tamu. Nilikuwa na haya kumwambia."

Adhuhuri sinia zinatoka. Wageni wamekaa watano watano, wapatao mia mbili, na maongezi yanafifia. Nassoro anachota tonge dogo, la kutosha vidole viwili tu. Analitia mdomoni. Anatafuna. Anaendelea kutafuna. Mvuke unapanda kwenye wali na nyama zinanukia. Kijana mmoja mwenye njaa yake ananyoosha mkono. Papa Juma anaushika.

"Ngoja," anasema. "Papa Nassoro hajameza."

Anameza. Anakaa kidogo, amejishika goti, anajisikiliza. Kisha anatikisa kichwa kukubali, na mikono yote inashuka kwenye sinia pamoja.

Baadaye, akikwangua ukoko, anaulizwa anataka nini sasa. Daktari Hilaire amemwambia wazi kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi, na kwamba yeye hamwahidi miaka. Nassoro anajibu kuwa anataka arusi moja tu zaidi ya hizi, ya binti yake Hadidja.

"Ile siku sipiki. Mupishi mwingine atapika, yeye ndo ataonja. Mi nitakaa chini kama mukubwa, nitakula polepole, na batu bote bataningoja."

Hadidja ana miaka tisa.