Neno Nililoliongeza Daftarini

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ya hamsini, mwanangu, na kila niikumbukapo najilaumu. Nilikuwa kiranja katika chuo cha walimu wa dini, milimani karibu na Mbeya. Mimi kijana wa Kihesa, Iringa, sikujua mila za Wanyakyusa niliosoma nao wala sikujali kuzijua. Nilizijua sheria za chuo: usinywe pombe, usicheze ngoma, usitoke ibadani kabla ya baraka. Zilibandikwa mlangoni mwa bwalo, nami nilipewa daftari la kuwaandika wanaozivunja. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu.

Mwanafunzi mwenzetu Ambokile aliishi chuoni na mkewe, Tusekile. Siku hiyo, mahubiri yakiwa katikati, baba yake Ambokile aliingia kanisani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kuja kumwona mwanawe. Tusekile alijifunika khanga kichwani, akainama, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakurudi. Niliandika: "Mke wa Ambokile ametoka ibadani kwa dharau."

Kutoka niliona. Dharau sikuiona, niliiongeza ili sentensi ipendeze.

Jumanne Ambokile alifukuzwa, ikiwa imebaki miezi mitatu amalize. Mkuu wa chuo alimsomea sentensi yangu, akamwambia kuwa asiyeweza kuongoza nyumba yake hawezi kuongoza kanisa. Tusekile hakuulizwa hata neno moja.

Yule mzee, baba yake Ambokile, alinikuta nikifagia njia, akiwa amejitwika godoro la mwanawe. Nilimpa shikamoo. Akaitikia, akatua mzigo.

"Wewe ndiye mwenye daftari?"

"Mimi ndiye, baba."

"Kwetu mke wa mwanangu hakai mahali nilipo, wala hanitazami usoni. Binti yule aliniheshimu mbele ya kanisa zima. Umeandika alivyotoka, mbona hukuuliza kwa nini? Au huko Iringa hamna wakwe?"

Nilikimbia kwa mkuu, nikamsihi alifute neno langu. Akanijibu kuwa kilichoandikwa kimeandikwa. Maneno ya Pilato hayo, yule aliyemtoa Yesu asulubiwe, mwanangu, na aliyeyasema alikuwa mchungaji! Ambokile alikwenda Chimala kulima mpunga. Hakufundisha hata siku moja, na kati yetu sote yeye ndiye aliyezaliwa mwalimu.

Sasa nasikia nawe umepewa ukiranja, na ukurasa wa kwanza umekwisha kujaa majina. Sikutumi uvunje sheria. Mimi mwenyewe nimeishi kwazo. Lakini kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuhukumu usilolijua. Kabla hujaandika jina la mtu, nenda kwake umuulize kwa nini, na jibu lake uliandike kwa wino uleule. Usichokiona usikiandike. Ukigundua umekosea, sema mbele ya wote, usinong'one mlangoni kwa mkubwa kama nilivyofanya mimi, kisha nikarudi kufagia.

Mungu akujalie macho ya kuona na ulimi wa kuuliza, na mkono wako auzidishie uzito kila unapoandika jina la mwenzako.