Vumbi Ndani ya Kamera ya Bwana Tulia

Mtaa mzima ulimwita yule mpigapicha Bwana Tulia, maana hilo ndilo neno lililomtoka kila alipoinua kamera. Tulia, bibi harusi. Tulia, mtoto. Mkewe, fundi cherehani, alilisikia hata usingizini. Mwaka huu aliyeshindwa kutulia alikuwa mumewe mwenyewe. Mikono yake ilianza kutetemeka, naye akajifanya haoni. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili, na akiulizwa, anasingizia baridi.

Angeendelea kusingizia lau si vumbi. Katika kila picha, juu upande wa kushoto, palitokea doa la kijivu. Juzi lilimwangukia bibi kizee mmoja kwenye paji la uso, akashikilia kata kata kwamba si yeye. Kesho kulikuwa na harusi na kamera ilikuwa ni hiyo hiyo moja. Kufuta lenzi hakukusaidia. Doa lilikuwa ndani kabisa, kwenye sensa, kile kioo kinachopokea picha. Ukikikwaruza, umefunga kazi.

Basi alasiri ile Bwana Tulia akafungulia maji ya moto bafuni mpaka mvuke ukajaa, akangoja uteremke na vumbi la hewani, kisha akaingia na kamera yake. Siku zote alijifungia humo peke yake, na nyumba nzima ilipigwa marufuku kukohoa. Safari hii alichungulia nje.

"Mama watoto, hebu njoo."

Mkewe alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, lenzi imeshatolewa. Kijiti cha kusafishia, chenye kitambaa laini nchani, kilikuwa kikimchezea mkononi.

"Siwezi," alisema. "Nimekisogeza karibu, nikaogopa."

Mkewe alinawa mikono, akaikausha, akapokea kijiti. "Haya, niambie."

"Bonyeza hapa."

Ndani ya kamera kioo cha mbele kikajiinua, pazia dogo la nyuma yake likafunguka. Mama watoto akainama. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kutazama humo. Aliona kioo kidogo, si kikubwa kuliko stempu, kinameremeta kijani na zambarau kama tone la mafuta juu ya maji.

"Dunia inaingia humu miguu juu, kichwa chini," mumewe alinong'ona. "Doa liko juu kwenye picha, humu litafute chini."

"Watu wote wale walipita hapa?"

"Wote."

Aliwafikiria mabibi harusi na magauni aliyowashonea kwa mkono wake. Akawafikiria wanawe wakiwa hawana meno, na mama mkwe wake, ambaye sasa amebaki picha ukutani. Wote walipita kwenye kipande hiki cha kufunikwa kwa kidole gumba, na hakuna aliyeacha alama. Alistaajabu mpaka mwili ukamsisimka. Alitamani kuomba radhi kwa kuchungulia.

"Usipumue. Vuta mara moja tu, toka huku hadi huku. Usikandamize."

Akavuta, kwa mkono ule ule unaopinda pindo la hariri. Akageuza kijiti, akarudi. Kwenye kitambaa kulikuwa na kiuzi cha buluu, kifupi kuliko kope. Wakakitazama wote wawili. Tangu shule zifunguliwe mama alikuwa akishona sare za buluu.

"Kumbe ni wewe," mumewe akasema. "Na mimi siku zote nalaani vumbi la barabarani."

"Barabara haijui kushona."

Walicheka kimya kimya, kwa mazoea ya bafu lile. Kisha wakatoka uani, Bwana Tulia akapiga picha shuka jeupe lililoanikwa. Lilitoka safi, bila doa hata chembe. Akamgeukia mkewe akampiga na yeye. Uso ukatoka umetikisika, macho manne, pua mbili. Aliikuza picha hiyo, akaitazama tena.

Mwishowe akauvua mkanda wa kamera shingoni na kumvisha mkewe. Kamera hiyo hakuwahi kumpa hata ndugu yake wa damu.

"Kesho mimi nitawapanga watu," alisema. "Wewe utapiga."

Mama aliishika kamera kama mtoto wa siku moja. Aliogopa kuliko alivyoogopa kule bafuni.

"Nibonyeze wapi?"

Mumewe akamshika mkono, akamwekea kidole mahali penyewe. Mkono wake ulitetemeka juu ya mkono wa mkewe, na kamera haikutikisika.