Siku Walipomkatia Mama Uzi

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka mingi nimewaandikia watoto wa watu "rudia" kwa kalamu nyekundu bila huruma yoyote. Nyumbani kwangu huruma ilizidi kipimo. Mama yangu alipohamia kwangu Arusha, kila alichokifanya nilikisifia, na kila alichotaka kukishika nilimnyang'anya. Akichukua ufagio, naupokea. Akisogelea jiko, namvutia kiti. Alikuwa ameteleza kwenye migomba kule kwetu Kilimanjaro akaumia nyonga, nasi, mimi na kaka yangu, tukakubaliana akae kwangu karibu na hospitali, apumzike. Binti anayenisaidia kazi za nyumbani nilimkataza hata kumwachia mama kikombe akioshe. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Mama hakupenda. Kila Jumapili tukitoka kanisani aliniuliza ni lini nitamrudisha kwenye kihamba chake, ile migomba aliyoipalilia tangu aolewe. Nilimjibu kwamba nyonga ikipona. Nyonga ikapona, nikasema tusubiri mvua ziishe. Mvua zikaisha, nikatafuta sababu nyingine. Kisha ikafika Jumapili hakuuliza, na iliyofuata hakuuliza tena. Alishinda barazani akitazama geti, chakula anakidonoa, maswali anayajibu kwa kutikisa kichwa. Hapo niliogopa kuliko siku alipoanguka. Nilikuwa nampoteza mama yangu nikiwa nimemkalisha mbele ya macho yangu, na sikujua nifanye nini.

Aliyetuokoa ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke wa Kimeru ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tunapungiana mikono tu asubuhi, kila mmoja akiwahi kazini kwake. Siku moja alisimama getini akaniuliza yule bibi anashinda na nani. Nikasema na binti wa kazi, na redio. Akaniambia Jumatano mchana nimlete Kwa Mrombo, nyuma ya soko, kwenye kikundi chao cha shanga. Nilimwambia mama hajawahi kushika shanga maisha yake yote. Akasema hata yeye hakuwahi.

Jumatano sina vipindi vya mchana, kwa hiyo nilikwenda naye. Niliwakuta wanawake kama kumi hivi kwenye kibaraza, wamekaa kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, katikati yao sinia kubwa la bati na makopo ya shanga, kila rangi na kopo lake. Kulikuwa na Wameru, Wachaga wenye vibanda sokoni, na Waarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima Meru, watu wa ng'ombe na mahindi, ambao ndio wenye ujuzi wenyewe. Mwenyekiti alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi, na maneno yake yalikuwa machache. Alimwamkia mama shikamoo, akamwita Koko, ndivyo wanavyowaita bibi zao kwa heshima, kisha akampa uzi, akamwonyesha mara moja, akarudi kwenye kazi yake. Hakumletea mto wala hakumuuliza kuhusu nyonga. Moyoni nilimwandikia alama ndogo sana.

Ilimchukua mama Jumatano tatu kumaliza bangili yake ya kwanza. Haikuwa nzuri. Mwenyekiti alikuwa amemfundisha kwamba nyekundu na rangi ya chungwa hazikai pamoja bila nyeupe kupita katikati, lakini mama aliziweka zikagusana, na kufika nusu mstari wenyewe ukapinda. Mimi nikapiga makofi. Nilisema ni nzuri sana, nikawaonyesha wenzake, nikatoa simu niipige picha. Mwenyekiti akanyoosha mkono.

"Koko, lete nione."

Aliipokea, akaigeuza mara mbili kwenye mwanga. "Hii siyo," alisema. Akachukua mkasi, akaukata uzi, na shanga zote za Jumatano tatu zikamwagika kwenye sinia.

Nilisimama. Sitaki kuyakumbuka yote niliyoyasema, ila najua yalianza kwa Kiswahili cha darasani na kumalizikia kwa Kichaga. Niliwaambia kwamba mwanamke aliyezaa na kulea, tena mgonjwa, haletwi kwa watu ili aaibishwe. Niliuliza kama huo ndio umoja wao. Hakuna aliyenijibu, na kilichonipandisha hasira zaidi ni kwamba hawakuonekana hata kunisikiliza. Kila mmoja aliweka kazi yake chini. Wakasogea wote mpaka magoti yakalizunguka sinia, wakaanza kuchambua zile shanga, nyekundu kwenye kopo lake, nyeupe kwenye lake. Mama naye alikuwa ameshaanza, kichwa kimeinama.

"Kaa chini," aliniambia bila kunitazama. "Unatuzibia mwanga."

Nilikaa. Ningefanya nini tena? Ndipo jirani yangu akaninong'oneza kwamba hiyo ndiyo kawaida yao. Kazi iliyoharibika haifichwi wala haisahihishwi kimyakimya. Inakatwa mbele ya wote, na hakuna anayeendelea na yake mpaka shanga ya mwisho irudi kwenye kopo. Aliyekosea hachekwi na hapewi pole. Wiki iliyotangulia, mimi nikiwa nimeshaondoka, walikuwa wamemkatia yeye, na mwenyekiti mwenyewe aliwahi kujikatia ushanga wa shingoni uliobakiza mistari miwili.

Tukachambua. Mama alichambua maharage na mchele kwa zaidi ya miaka sitini, na vidole vyake vilikuwa havijasahau. Alituacha wote mbali. Mwenyekiti alisimamisha mikono yake kidogo, akamtazama, kisha akasogeza makopo mawili zaidi upande wa mama. Na kwenye kuchambua huko ndiko maneno yalikokuwa. Wakati wa kutunga kila mmoja anahesabu, hakuna anayeongea. Mkasi ukipita, midomo inafunguka. Katika nusu saa ile nilijua kwamba jirani yangu alimzika mume mwaka mmoja kabla ya kuhamia mtaani kwetu, na kwamba alfajiri huwa anasikia redio yetu, ikiwaka anajua kumekucha salama. Miaka miwili nilimpungia mkono mwanamke yule bila kujua lolote.

Njiani nilimwomba mama radhi kwa niaba ya watu wale. Tulipovuka barabara akasimama.

"Ulijua kwamba imepinda?" aliniuliza.

"Nilijua, mama."

"Na ukasema nzuri."

Nikaongeza mwendo.

"Yule mama ananiona mtu mzima," alisema. "Wewe unanilea."

Nililia siku ile, nikiwa jikoni, na nilikuwa na hasira vilevile. Hakuna mtoto anayependa kuambiwa kwamba mapenzi yake yanambana anayempenda. Lakini asubuhi yake mama aliamka kabla yangu, akafagia baraza lote, na nilipotoka kuupokea ufagio akanitazama kwa namna ambayo ilinirudisha ndani.

Walimkatia mara nne nyingine. Nilikuwa nahesabu mimi, si yeye. Kila mara alirudi nyumbani akiongea njia nzima, akimlaumu mwenyekiti kwamba ni mkali kupita kiasi, na kila Jumanne aliandaa kitenge cha kuvaa kesho yake. Alianza kula. Alianza kumgombeza binti wa kazi, ambaye alishangaa kisha akafurahi, maana alikuwa amechoka kuishi na bibi asiyesema. Mwanamke mmoja wa Kiarusha asiyejua Kiswahili sana alimletea loshoro, ule mchanganyiko wao wa mahindi na maziwa mgando. Mama alionja, akasema chumvi haitoshi, na Jumatano iliyofuata akampelekea mtori wetu wa ndizi na nyama. Wawili wale walikaa bega kwa bega tangu hapo, wakiongea kila mmoja kwa lugha yake, na sijawahi kuona wakishindwa kuelewana.

Juma moja presha ilimpanda mama, daktari akasema asitoke. Alasiri ile ya Jumatano mwenyekiti alipiga hodi kwetu. Nilidhani amekuja kutoa pole na nikaenda kuweka chai. Niliporudi nikamkuta ameshafungua mfuko na kumwekea mama mapajani ule ushanga wa shingoni aliokuwa ameuanza, pamoja na kopo la nyeupe.

"Ulikuwa kwenye mstari wa sita, Koko," alisema. "Usiniambie presha imeshika na vidole."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilisimama na sinia la chai mkononi nikimwonea wivu mwanamke yule, na nikimheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mwalimu mkuu yeyote.

Desemba Wachaga tunarudi nyumbani, na hiyo ndiyo Desemba niliyoiogopa. Mama alifungasha nguo zake zote, hata gauni la kanisani na sweta la baridi. Nililiona begi limefungwa, likiwa limetuna, nikalipakia kwenye gari. Nilikuwa nimejiapiza kwamba akisema anabaki kwenye kihamba chake, safari hii sitatafuta sababu. Kaka alikuwa amekipaka rangi chumba cha mama. Wajukuu walijaa uani.

Siku ya kwanza mama alichukua panga akakate majani ya mbuzi. Mke wa kaka akalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Siku ya pili alikaa amenye ndizi, wajukuu wakamwambia bibi, acha, tupo sisi. Wakamwekea kiti ukutani penye jua, wakamfunika magoti kwa blanketi. Kila aliyepita alimsifia alivyonawiri. Niliwatazama na nikajiona mimi mwenyewe, mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Jumatatu asubuhi alituita mimi na kaka.

"Kesho nirudisheni Arusha."

Kaka alishtuka. Aliuliza ni nani amemuudhi, akamkumbusha kwamba hapa ndipo kwake, hapa hana haja ya kufanya lolote, anapumzika.

"Nimepumzika sana," mama alisema. "Ule ushanga wangu uko nusu. Kule nikikosea, naambiwa."

Kaka alinigeukia nimsaidie kumshawishi. Siku zote mimi ndiye mwenye maneno katika ukoo wetu. Nilimwambia kaka kwamba mama ameshasema, basi, nikaenda nyuma ya nyumba kulia, safari hii bila hasira.

Gari lilikuwa juu barabarani, na kutoka nyumbani kwetu hadi barabarani ni mlima, kanjia kembamba kati ya migomba. Nililinyanyua begi lake. Mama akanyoosha mkono. Nilitaka kusema nyonga, nilitaka kusema mwinuko, nilitaka kumwita kijana yeyote aje. Nikamwachia. Alijitwika kichwani, akalishika kwa mkono mmoja, akaanza kupanda taratibu, akisimama kila hatua chache apumue. Nilimfuata nyuma mikono mitupu mpaka barabarani, na njia nzima sikumsifia wala kumwambia anaweza.