Pumzi za Kumtumia Dada

Risper Kemunto alianza kukimbia juu ya nyumba ya watu. Usicheke. Ukiwa dada wa kazi Riyadh na unaishi kwa bosi, barabara si yako na lango si lako, lakini paa, pale kwenye matangi ya maji na kamba za nguo, hakuna anayekunyang'anya. Alfajiri, wenye nyumba wakishaswali na kurudi kulala, Risper alivaa raba zake zilizochoka akapanda ngazi. Alizunguka matangi, akainama chini ya kamba, akazunguka tena mpaka jua lichungulie. Saa hiyo ilikuwa yake peke yake, wala hakuna aliyemwagiza chai.

Wala hakuwa mwanariadha. Ukitaja Kenya tu mbele ya Mwarabu, anakuuliza kama unakimbia. Risper ni Mkisii wa Keroka, na shuleni mchezo wake ulikuwa kuruka kamba na kupiga domo. Aliyemtia mbioni ni dada yake, Winfred.

Winfred ndiye aliyemlea. Mama yao alichukuliwa na presha, akaanguka jikoni mwiko mkononi, na Winfred akaacha shule akashika cherehani. Mpaka leo ni fundi pale sokoni Keroka, kutwa kitini anashona sare za watoto. Siku moja daktari akamfunga mkono akampima, akatikisa kichwa. Presha ileile ya mama. Dawa ameze, chumvi apunguze, na mwili auchoshe kila siku, la sivyo asije akamlaumu mtu.

"Mimi na makalio haya nikimbie barabarani?" Winfred alimwambia Risper kwenye simu. "Watu watadhani nimeiba kuku."

"Dada, nikikimbia mimi huku, nawe utakimbia?"

"Utakimbilia wapi wewe, na umefungiwa ndani ya nyumba ya watu?"

"Juu ya paa."

Winfred alicheka mpaka akakohoa, lakini neno likawa neno. Wakaweka sharti: kila anayemaliza kukimbia arekodi pumzi zake amtumie mwenzake. Maneno hapana, kuhema tu. "Maneno mtu anayapika," alisema Winfred, "lakini pumzi itakudanganya vipi?" Basi kila asubuhi, Riyadh heh-heh-heh, Keroka heh-heh-heh, na huku Keroka majogoo wakiwika nyuma ya Winfred. Presha ikaanza kushuka. Winfred akaanza hata kujisifu kwamba marinda yake yanampwaya.

Kisha bosi akahamishiwa bandari ya Jeddah, na nyumba nzima ikahama naye.

Jeddah wakapanga ghorofani, karibu na Kornishi, njia ya matembezi ya ufukweni, barabara moja tu uvuke uko baharini. Paa lilikuwa na kufuli. Mlinzi wa jengo, Protus, mtu wa Kakamega, alimwonea huruma sana asimsaidie hata kidogo. "Dadangu, ufunguo anao mwenye jengo, na mwenye jengo simjui hata sura. Mafi, hakuna. Halas, basi." Halafu lile joto la Jeddah lenye unyevu! Nguo unaianika inabaki mbichi, na mtu akisimama tu anatoka jasho. Wiki ya kwanza Risper alisema wacha nizoee. Ya pili ikawa Ramadhani, kukaanga sambusa mpaka usiku, na asubuhi mwili ni gunia la mahindi. Ramadhani ikaisha, akasema kesho. Sote tunaijua hiyo kesho, haina nauli ya kufika.

Sasa mtu mwenye akili angempigia dada yake akasema: nimechoka, nimeacha, nisubiri. Risper aliogopa. Aliona moyoni mwake jinsi itakavyokuwa: yeye akiacha, Winfred naye ataacha siku hiyohiyo, atarudi kwenye kiti chake, na iko asubuhi ambayo simu italia kutoka nyumbani na isiwe pumzi. Kwa hiyo alifanya nini? Alidanganya pumzi.

Haki ya Mungu. Chumba chake kilikuwa kijichumba nyuma ya jikoni, kitanda upande huu, mashine ya kufua upande ule. Asubuhi alitia nguo za watoto kwenye mashine, akaiwasha, akaketi kitandani, akaweka simu mdomoni na kuhema heh-heh-heh kama mbwa wa jua kali. Akatuma, akasikiliza za Winfred zilizofika na majogoo wake, akajifuta machozi. Aibu ilimla. Lakini kesho yake alihema tena, na kesho kutwa tena, mpaka ikawa kazi kama kazi nyingine za nyumba.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Humo ndani alikuwamo Mama Kabira, ndivyo walivyomwita mama mzazi wa bosi, bibi wa mdomo mkali na magoti mabovu. Riyadh alitembea kwa mkongojo. Jeddah magoti yaligoma kabisa, wakamnunulia kiti cha magurudumu, na tangu siku hiyo alikuwa amenuna kama mtoto aliyenyimwa kwenda harusini. Asubuhi moja alijisukuma mwenyewe hadi jikoni kutafuta maji, akasikia nyuma ya mlango mtu anahema kufa. Akausukuma mlango kwa mguu wa kiti. Akamkuta Risper juu ya kitanda, simu mdomoni, macho yamemtoka.

"Unaumwa?" akauliza kwa Kiarabu. "Nimwite mwanangu?"

"Hapana, Mama."

"Sasa unafanya nini?"

Risper angesema nini? Akasema yote, kwa Kiarabu chake cha jikoni chenye viraka: dada, presha, mama aliyeanguka, paa, kufuli, kesho na kesho. Mama Kabira alisikiliza hadi mwisho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bibi yule mpaka akashika mbavu, akaomba maji aliyoyafuata, akayanywa, akacheka tena.

"Kumbe ni wewe," alisema alipopata pumzi zake mwenyewe. "Riyadh chumba changu kilikuwa chini ya paa. Kila alfajiri nilisikia miguu juu ya kichwa changu, du-du-du, nikivuta tasbihi. Nilifika Jeddah nikajiuliza ile miguu imeenda wapi. Nikadhani ni masikio yangu nayo yameanza kugoma." Akapiga mkono wa kiti. "Vaa viatu."

"Mama?"

"Viatu! Na abaya. Mimi nataka bahari, wewe unataka mbio. Kiti kina magurudumu. Yalla."

Madam, mke wa bosi, alitoka chumbani na usingizi wake akapinga: "Mama, utaanguka! Watu watasemaje?" Mama Kabira akamjibu kwamba watu wa Jeddah wamekuwa wakisema tangu kabla hajazaliwa, na mlango ufunguliwe.

Alfajiri Kornishi ina wazee wanaotembea na paka wanaongoja wavuvi. Mwanzoni Risper alisukuma polepole kwa adabu. Mama Kabira akageuza shingo. "Hizi ndizo mbio za Kenya? Hata magoti yangu yanakwenda kasi kuliko wewe." Ehe! Mkisii hachokozwi hivyo. Risper akakunja abaya, akakaza mikono, akaanza. Miguu ilikuwa mizito, kifua kikawaka, mbavu zikachoma upande wa kushoto, na hamu hakuwa nayo hata chembe. Lakini kiti kikishashika kasi hakikuachii nafasi ya kusema kesho. Kilimvuta kama vile yeye alivyokisukuma. Mbele yake mtandio wa Mama Kabira ulipepea, na bibi, mkono mmoja juu, alikuwa akiwapigia kelele wazee wa watu wampishe. "Yalla, Risper! Yalla!" Mwanamke wa miaka mingi namna ile, amenuna miezi, sasa anapiga vigelegele baharini.

Walisimama kwenye benchi. Risper alijitupa chini, jasho linamwingia machoni. Akatoa simu. Safari hii hakuhitaji kujitayarisha. Akarekodi alivyokuwa, na upepo na mawimbi na Mama Kabira akicheka nyuma yake. Akatuma.

Jibu halikuwa pumzi. Ilikuwa sauti ya Winfred, na maneno, wakati maneno waliyakataza wenyewe.

"Risper. Leo umekimbia." Jogoo mmoja akawika. "Mdogo wangu, mashine ya kufua mimi naijua. Tangu mhamie huko unahema na maji yanazunguka nyuma yako. Nani hukimbia ndani ya mashine? Siku ya kwanza nilitaka kukutukana. Nikajizuia, nikasema huyu bado anaona aibu, na mwenye aibu atarudi. Ila nikijikalisha na mimi, siku atakayorudi barabarani atamkuta nani? Basi nikakimbia. Hata siku za mvua nilikimbia. Siku zote hizo nilikuwa nakungoja wewe."

Halafu ndipo zikaja pumzi zake, nzito, za mwanamke aliyetoka kupanda mlima wa Keroka.

Risper aliisikiliza mara mbili, simu imebanwa sikioni. Kumbe alijiona yeye ndiye anayembeba dada yake! Akalia pale chini kwa sauti, akicheka humohumo, pua inamtiririka, hadi paka mmoja akasogea kumtazama.

Mama Kabira akaingiwa na hofu. "Dada yako? Ana nini?"

"Mzima, Mama. Mzima kabisa."

"Amesema nini sasa?"

Maneno yale Risper hakuyajua kwa Kiarabu, na hata kwa Kikisii sidhani angeyamaliza. Akajifuta uso kwa ukingo wa mtandio.

"Anasema kesho tena."

"Kesho ni ya Mungu," alisema Mama Kabira, akijiweka sawa kitini na kushika mikono yote miwili ya kiti. "Hapa mpaka nyumbani tunaendaje? Kwa kutambaa?"

Risper akainuka, akafunga kamba ya kiatu iliyolegea, akashika kiti, akakimbia.