Walivyomwondoa Dada Kwenye Taarifa ya Saa Moja

Dada yangu alisoma taarifa ya habari kwa Kiswahili kwenye televisheni kwa miaka kumi na minne, na walipomwondoa hawakumpa hata nafasi ya kuwaaga watu. Naandika haya nikiwa na hasira. Nimejaribu kuyaandika nikiwa nimetulia, na kila nikitulia najikuta nasema uongo.

Tulikulia Nyalenda, mtaa wa Kisumu, katika nyumba ya vyumba viwili. Baba alikuwa karani bandarini Kisumu, mama aliuza mboga. Nyumbani tuliongea Kijaluo. Kiswahili kilikuwa cha shuleni na sokoni, na tulikivunja bila aibu. Tulisema "samba" tukimaanisha shamba, na "shasha" tukimaanisha sasa. Dada peke yake ndiye aliyekataa. Mama akirudi na samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti, dada alilichukua lile gazeti, akalianika juani, kisha akasimama nyuma ya nyumba akilisoma kwa sauti, mafuta na yote. Majirani walimcheka.

"Huyo anasomea nani? Kuku?"

Alirudia mstari mpaka ukatoka sawa.

Alienda Nairobi kupimwa sauti mara tatu. Mara ya kwanza bwana mmoja mwenye miwani alimwambia mbele ya wenzake kwamba Kiswahili chake kinanuka samaki, na chumba kizima kikacheka. Mara ya pili alikaa kwenye benchi kutwa nzima, hawakumwita. Mara ya tatu wakamchukua, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na bwana yule wa miwani akaja kumpa mkono kana kwamba hakuna lililotokea.

Jioni ya kwanza tulienda kumtazama kwenye duka la jirani, maana mtaani kwetu televisheni ilikuwa hiyo moja tu. Baba alivaa koti. Watu walijaa mpaka nje. Dada alipotokea, mama alishika mdomo kwa mikono miwili na hakuiondoa mpaka habari zikaisha. Mwaka uliofuata baba alinunua televisheni yake mwenyewe, ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Kuanzia hapo saa moja jioni hakuna aliyeruhusiwa kuongea nyumbani kwetu.

Wengi wanamkumbuka kwa sauti na vile vilemba vyake. Mimi namkumbuka kwa jioni moja baada ya mashua kupinduka ziwani, upande wa Bondo. Wasomaji wengine walikuwa wakifika kwenye majina ya kwetu wanayakimbia, wanayatafuna, wanayatema. Dada aliyasoma majina ya waliokufa polepole, moja baada ya jingine, kama mama zao walivyowaita. Sebuleni kwetu alikuwepo mzee mmoja aliyempoteza binti yake. Jina la binti lilipotajwa aliinama, akasema kwa Kijaluo, "Amemwita vizuri." Kesho yake mkubwa wake kazini alimkaripia kwamba amepoteza muda wa hewani. Hilo dada alinieleza miaka mingi baadaye, akiwa anacheka. Mimi sikuona la kuchekesha.

Halafu ikaja Jumatatu moja katikati ya miaka ya tisini. Saa moja ilipofika, alitokea msichana ambaye hatukumjua, mzuri, mwenye nywele ndefu. Akasoma mpaka mwisho. Hakusema yeye ni nani wala aliyekuwa hapo jana amekwenda wapi.

"Hii kitu imeharibika," baba akasema.

"Baba, televisheni ni nzima."

"Imeharibika! Inashika stesheni ingine. Ita fundi."

Wakati huo mama alikuwa ameshafariki, na baba alikuwa ameanza kuchanganya mambo. Nilikosa ujasiri wa kumwambia ukweli. Asubuhi nilienda posta nikampigia dada simu. Alisema amepewa kazi nyingine, kutunza kanda za habari za zamani, na ni kazi nzuri, haina presha. Aliyasema hayo kwa sauti ileile ya kusomea habari. Ndipo nilipojua ameumizwa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Manyatta. Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda basi la Nairobi. Sikumwambia dada. Nilifika kwenye kituo cha televisheni nikasema sitoki hapo mpaka nimemwona mkuu wa habari, na baada ya saa tatu nikaingizwa.

Alikuwa mtu mpole. Hilo liliniudhi zaidi.

"Mwalimu, dada yako tunamheshimu sana," akasema. "Lakini watazamaji wanataka sura mpya."

"Sura ya dada ina nini?"

"Hapana, si mbaya. Ni umri tu. Taa za studio zinaonyesha kila kitu."

"Ana miaka arobaini na mmoja. Yule bwana anayesoma naye ana sitini, na meno ya bandia yanagonga akisema 'serikali.' Taa hazimwonyeshi yeye?"

Akatazama karatasi zake. "Mwanamume akizeeka anaaminika zaidi. Sikupanga mimi. Ndivyo watu walivyo."

Nilimwambia watu anaowasema ni yeye. Nilimwambia mengine pia, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, mpaka katibu wake akafungua mlango. Nilitoka.

Dada alikuwa kwenye korido. Habari ilikuwa imeshamfikia. Alinishika mkono, akanivuta hadi kwenye chumba chake kipya, chumba kisicho na dirisha, rafu za kanda hadi kwenye dari.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekuja kukutetea."

"Umenitetea? Mimi nabaki hapa, wewe unarudi Kisumu. Kesho watasema nimeleta ukoo wangu kufanya fujo." Alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona, na hasira yote ilikuwa juu yangu. "Nilikaa kimya kwa sababu zangu. Ungeniuliza."

Nilimwomba msamaha. Mpaka leo sijui kama niliumaanisha.

Alikaa kwenye chumba kile miaka mitatu, hadi alipoondoka kituoni. Yule msichana alikuwa akishuka huko kila alasiri na karatasi zake, na dada alimfundisha kutamka majina, ya ziwani na ya kwingineko, bila mtu kumwagiza. Nilitamani kumchukia msichana huyo nikashindwa. Alikuwa na adabu, na ndiye pekee aliyelia kwenye kuagwa kwa dada. Kuagwa kwenyewe kulikuwa soda na keki, wamesimama koridoni. Mkuu wa habari alitoa hotuba fupi na akalitamka vibaya jina la baba yetu, jina ambalo dada alikuwa amejitambulisha nalo hewani kila jioni kwa miaka kumi na minne. Dada alipiga makofi pamoja na wengine.

Baba hakuwahi kujua. Fundi alikuja mara nne, na kila mara nilimkonyeza akafungua ile televisheni, akapangusa vumbi, akaifunga. Baba alifariki akiamini mafundi wa Kisumu ni matapeli. Ni mimi niliyemfanya aamini hivyo, na sijisamehe.

Dada sasa anaishi kwenye shamba letu karibu na Bondo. Nikienda naye sokoni, wachuuzi wanaisikia sauti yake kabla hawajamwona. "Mama, si ni wewe ulikuwa unatusomea habari? Mbona uliacha?" Yeye hucheka, akawaambia alichoka. Mara ya mwisho nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia mwanamke aliyekuwa akitupimia mahindi, "Hakuacha. Walimtoa."

Yule mama alisimamisha mkono, akamtazama dada. Dada alifungua mfuko ili mahindi yamiminwe.

"Ni kweli," akasema. "Walinitoa."