Fundi Aliyekataa Wagonjwa Wapitiwe Mmoja Mmoja

Fundi wetu wa kompyuta amefariki. Alidondoka asubuhi akinyoa ndevu nyumbani kwake Nyansurura, presha ikiwa imempanda, na wasomaji kadhaa wa safu hii wamenitaka niandike maneno mema juu yake. Ninayo mawili: alikuwa hodari, na alikuwa nadhifu. Yanayobaki si mema, na sioni sababu ya kudanganya kwa kuwa kuna jeneza.

Ndiye aliyeitengenezea zahanati yetu programu ya wagonjwa wa presha na kisukari, kwa lugha ya JavaScript. Wagonjwa wote aliwaweka ndani ya kitu kimoja, akakifunga, akaacha njia moja tu: taja jina, upewe mgonjwa. Muuguzi, dada aliyepangiwa huku kutoka Lindi, alimwomba aongeze njia ya kuwapitia wote, ajue nani ameacha kuja kuchukua dawa. Nilikuwepo. "Sista, kwetu ng'ombe hawahesabiwi, sembuse watu," alimjibu. "Mzee wangu anasimama langoni jioni, ndama akikosekana anajua." Yule dada akasema kwa upole, "Hata mimi sihesabu, kaka. Nataka hilo lango tu. Wapite mmoja mmoja mpaka waishe." Alikuwa sahihi kabisa. JavaScript haikuulizi idadi; unakifundisha kile kitu kumtoa anayefuata, na kusema wanapoisha. Ni mistari sita. Fundi akacheka. "Nesi asiyejua majina ya wagonjwa wake akauze nyanya." Kisha akanigeukia mimi, kijana mwenzake wa huku: "Au siyo, mura?" Nami nikacheka.

Kesho yake dada huyo alinifuata mimi, maana kazi hiyo naijua kidogo. Nilimwambia programu ina mwenyewe. Haikuwa heshima. Nilitaka siku moja mkaguzi amuumbue fundi mbele za watu, nami nipate cha kuandika. Wengi wetu huku tuna roho hiyo: tukiliona kosa la mwenzetu tunalitunza kama mbegu ya mahindi juu ya jiko, tukisubiri msimu wake. Halafu tunajiita majirani.

Baada ya mazishi niliandika ile mistari sita, na chai yangu ilikuwa bado ya moto. Mimi na muuguzi tukawapitisha wagonjwa. Wa kwanza alikuwa anachukua dawa, wa pili pia. Wa tatu alikuwa fundi mwenyewe, miezi mitano hajaonekana. Hakuna aliyewahi kulitaja jina lake, kwa sababu aliyemwandikisha alikuwa ameshahama, na waliobaki hawakujua kwamba anaumwa. Muuguzi hakulia, aliendelea mpaka wakaisha, akawaandika pembeni waliopotea, akaanza kuwapigia simu.

Somo langu ni fupi. Ukijua dawa ya kosa, itoe hata kwa mtu usiyempenda. Huyu mimi sikumpenda, na nakiri kwamba jina lake lilipotokea nilifurahi kidogo, mpaka simu ya kwanza ilipopokelewa na mjane wa mgonjwa mwingine, akauliza taratibu mbona tunampigia mumewe leo.